Ukienda Maktaba ya Kennedy, Nenda na Swali Lako

Kabla hujanunua tiketi, chagua swali moja. Si lazima liwe kubwa. Liandike kwenye kipande cha karatasi ukitie mfukoni. Anayeingia kwenye jumba la kumbukumbu la rais bila swali huongozwa na walioliandaa, na wengi wa walioliandaa ni watu waliompenda. Filamu, taa, picha, hata mpangilio wa vyumba, vyote vimewekwa ili utoke ukimpenda kama wao. Silaumu. Kila familia humsitiri mzee wake. Ila wewe hukuja mazishini, umekuja kupima kazi ya mtu.

Mimi nilifundisha historia sekondari mkoani Tanga kabla ya kuhamia Massachusetts kuishi na binti yangu. Mgeni akitufikia kutoka nyumbani, baada ya kupumzika na kula, nampeleka Columbia Point, Boston, kwenye Maktaba na Makumbusho ya John F. Kennedy, aliyekuwa rais wa Marekani. Wengine hushangaa: kwa nini tusiende madukani? Nawaambia tutakwenda, lakini huku kwanza, kwa sababu miaka aliyotawala mtu huyu ndiyo miaka nchi zetu zilipozaliwa. Aliapishwa tarehe 20 Januari 1961, akauawa tarehe 22 Novemba 1963. Katikati ya tarehe hizo mbili Tanganyika ilipata uhuru (9 Desemba 1961), zikafuata Rwanda na Burundi (1 Julai 1962), kisha Uganda (9 Oktoba 1962). Zanzibar na Kenya zilipandisha bendera zao Desemba 1963, yeye akiwa ameshazikwa. Kwa hiyo swali langu halibadiliki: alituona kama watu wenye mambo yao, au kama uwanja wa kushindana na Warusi? Lako laweza kuwa jingine kabisa.

Kwanza elewa unachokwenda kukiona. Wamarekani wakisema maktaba ya rais hawana maana ya rafu za vitabu vya kuazima. Ni vitu viwili chini ya paa moja: jumba la makumbusho lenye maonyesho, na hifadhi ya nyaraka zenyewe, barua, kumbukumbu za vikao, picha, kanda za sauti. Aliyeanzisha utaratibu huu ni Franklin D. Roosevelt, aliyetoa karatasi zake kwa taifa mwaka 1939 na kuzijengea nyumba kwao Hyde Park, New York. Kabla yake rais aliondoka na karatasi zake kama mtu anayehama nyumba. Sheria ya mwaka 1955 ikaufanya mtindo wa Roosevelt kuwa mfumo, na sheria ya mwaka 1978, iliyotokana na vurugu za Rais Nixon, ikasema kwamba kuanzia mwaka 1981 karatasi za rais ni mali ya umma tangu siku zinapoandikwa. Kwa kawaida jengo hujengwa kwa michango ya marafiki wa rais, kisha nyaraka zikatunzwa na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, ambayo ni idara ya serikali. Shika tofauti hiyo. Ukuta wa maonyesho una mkono wa marafiki. Sanduku la nyaraka linalindwa na sheria. Ziara nzuri ni ile inayopima ukuta kwa sanduku.

Ukitaka mfano wa jinsi ukuta unavyoweza kupiganiwa, tazama jumba la Nixon huko Yorba Linda, California. Lilifunguliwa mwaka 1990 kama mali ya taasisi binafsi, na kashfa ya Watergate, iliyomwondoa madarakani, ilisimuliwa humo kwa namna ya kumtetea mwenye nyumba. Serikali ilipolichukua mwaka 2007, wahifadhi wake waliiondoa simulizi ile, na mwaka 2011 wakafungua maonyesho mapya yanayoieleza kashfa kwa nyaraka na kanda. Jengo ni lilelile na rais ni yuleyule, ila hukumu imekuwa nyingine.

Swali lako ndilo likuchagulie maktaba. Anayetafuta habari za Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na aende Abilene, Kansas, kwa Eisenhower, ndipo nitakapokurudisha baadaye. Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 na Muungano uliofuata vimo kwa Lyndon Johnson, aliyemrithi Kennedy, Austin, Texas. Mwalimu Nyerere alipokwenda Washington Agosti 1977 alipokelewa na Jimmy Carter, kwa hiyo tafuta Atlanta, Georgia. Mnyarwanda au Mkongomani anayetaka kujua Ikulu ya Marekani ilikuwa inaambiwa nini mwaka 1994, nyaraka zake ziko Little Rock, Arkansas, kwa Clinton. Wengi huniuliza habari za Obama, hasa Wakenya. Kituo chake cha Jackson Park, Chicago, ni cha taasisi yake mwenyewe. Nyaraka za urais wake zinatunzwa na Hifadhi ya Taifa, nyingi zikiwa za kidijitali, hazimo ndani ya jengo lile. Usisafiri hadi Chicago ukitegemea kufunguliwa majalada.

Sasa twende Boston. Panda treni ya Red Line ushuke kituo cha JFK/UMass, na hapo kuna basi la bure linalokwenda hadi mlangoni. Watu wa magari wana maegesho. Chukua koti hata kama mjini hali ya hewa ni njema, maana jengo liko kwenye ncha ya ardhi inayoingia baharini na upepo wa pale hauna simile. Kabla ya kutoka angalia tovuti yao kwa saa na viingilio, na angalia pia kama bajeti ya serikali kuu imepitishwa. Si utani: bunge lao likishindwa kukubaliana, majumba haya hufungwa, na wageni waliotoka mbali wakabaki nje ya mlango.

Jengo ni la msanifu I. M. Pei na lilizinduliwa tarehe 20 Oktoba 1979. Mwanzoni lilikusudiwa kujengwa Cambridge, karibu na chuo cha Harvard alikosoma Kennedy, lakini wakazi wakahofia msongamano wa wageni na magari, mpango ukahamishwa. Namshukuru aliyeamua hivyo. Mtu wa pwani akifika hapa anajisikia nyumbani kidogo, maji yamemzunguka na harufu ya chumvi iko puani.

Ziara huanza na filamu fupi ya maisha yake ya awali. Itazame, ila ujue ni yeye anasimuliwa kwa sauti yake mwenyewe. Ukitoka unashuka chini kwenye maonyesho, na unajikuta mwaka 1960, katikati ya kampeni. Hapa punguza mwendo. Vijana wengi hukimbilia runinga ya mdahalo wa Kennedy na mpinzani wake Nixon, na ni kweli inavutia. Mimi humsimamisha mgeni wangu hapo hapo nikamweleza jambo lililotokea pembeni ya kampeni ile.

Mwaka 1959 Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, alizunguka Marekani akiomba nafasi za masomo kwa vijana wa Afrika Mashariki, kwa sababu wakoloni walikuwa wametubania elimu ya juu na uhuru ulikuwa mlangoni. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81 kutoka Nairobi. Mwaka uliofuata nafasi zilipatikana lakini nauli ikakosekana. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani ikakataa kusaidia. Julai 1960 Mboya akaenda Hyannis Port, nyumbani kwa kina Kennedy kando ya bahari, na taasisi ya familia ile ikatoa dola 100,000. Habari ilipovuja, upande wa Nixon ukahangaika, na wizara iliyokuwa imekataa ikatangaza kwamba sasa fedha ipo. Je, alitoa kwa huruma, au kwa kura za Wamarekani weusi? Mimi naamini vyote viwili vilikuwamo. Ila miongoni mwa waliosafiri mwaka 1960 alikuwamo binti wa Nyeri, Wangari Maathai, aliyesoma Atchison, Kansas, na mwaka 2004 akapata Nobeli ya Amani. Unapopima urithi wa kiongozi, nia yake ipime, lakini usiache kuhesabu nani alipanda ndege.

Baada ya hapo tafuta nazi. Ndiyo, nazi. Agosti 1943, kwenye visiwa vya Solomon, manowari ya Kijapani iliigonga na kuipasua boti ya Luteni Kennedy, PT-109. Yeye na mabaharia waliosalia wakaogelea hadi kisiwani. Akachonga ujumbe kwenye ganda la nazi, na wenyeji wawili wa visiwa vile, Biuku Gasa na Eroni Kumana, wakaubeba kwa mtumbwi kupita maji yaliyojaa adui. Akaokolewa. Nazi hiyo ilikaa juu ya meza yake Ikulu na sasa imehifadhiwa hapa. Wageni wengi huitazama wakimwona Kennedy shujaa. Mtu wa Pangani au Lamu ataona na kitu kingine: rais wa taifa kubwa kuliko yote aliokolewa na mtumbwi na wenyeji weusi waliozijua njia za maji yao. Ningependa kila mtoto wetu anayepita pale aambiwe majina yale mawili.

Kwenye sehemu ya anga za juu kuna jambo linalowagusa Wazanzibari, na karibu hakuna anayewaambia. Mwanaanga wa Marekani John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, moja ya vituo vilivyofuatilia chombo chake kilikuwa Unguja. Marekani ilikuwa imejenga kituo cha Mercury, mradi wake wa kupeleka watu angani, pale wakati visiwa bado viko chini ya Mwingereza. Watu wa vyama vya Hizbu na Afro-Shirazi waligombana juu ya mengi miaka ile, na kituo hicho nacho kilizua maneno. Baada ya Mapinduzi, serikali ya Mzee Karume ikadai kiondolewe, kikafungwa mwaka 1964. Siku moja nilikuwa na mgeni, mama mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, aliyekuwa akiyakumbuka maandamano ya kukipinga tangu utotoni. Alisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku ile, na mimi sikumharakisha.

Utapita pia ofisi ya Robert Kennedy, mdogo wake rais, aliyekuwa mwanasheria mkuu. Hapa kumbuka mambo mawili kwa pamoja. Tarehe 11 Juni 1963 rais alihutubia taifa kwa runinga akaita haki za watu weusi suala la maadili, jambo ambalo marais waliomtangulia hawakuthubutu kulisema hivyo. Oktoba mwaka huohuo Robert aliidhinisha simu za Martin Luther King zisikilizwe kwa siri. Ndugu walewale, mwaka uleule. Ukitoka ukikumbuka moja tu kati ya hayo, hujamwelewa.

Peace Corps, mpango wa Marekani wa kupeleka vijana wa kujitolea nchi za nje, ina sehemu yake. Amri ya kuianzisha ilitiwa saini tarehe 1 Machi 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea vijana wake: wapimaji ardhi, wahandisi wa barabara na wanajiolojia. Baadaye wakaja walimu wengi. Kama una mzee nyumbani aliyesoma miaka ya sitini, mpigie simu kabla ya ziara umuulize kama alifundishwa na mmoja wao, alikuwa mwalimu wa namna gani, na kwa nini waliondoka Tanzania mwaka 1969 kabla ya kurudi tena miaka kumi baadaye. Majibu ya mzee huyo hayako ukutani Boston. Yaandike.

Karibu na mwisho kuna ujia wenye giza, na humo runinga zinatangaza kifo cha rais. Wengi hulia. Lia ukilia, mtu aliuawa akiwa na miaka 46, akaacha mke na watoto wadogo wawili. Kutoka hapo unaingia kwenye ukumbi mrefu wa vioo, bendera kubwa juu, bahari mbele. Wajenzi walikusudia utafakari hapo, na mimi nakubaliana nao, ila fanya kwa namna hii: keti, toa lile karatasi la mfukoni, andika ulichojibiwa na kile ambacho hakuna aliyekigusa. Dakika kumi zinatosha. Usisubiri kufika nyumbani, kwa sababu huzuni ya ule ujia hufuta maswali yote.

Hicho ambacho hakikuguswa ndicho kitakachokupeleka kwenye chumba cha watafiti. Watu wetu wengi hudhani chumba hicho ni cha maprofesa. Si kweli. Kinafunguliwa kwa yeyote mwenye kitambulisho na haja ya kusoma, na hakilipiwi. Andika barua pepe mapema, eleza mada yako kwa sentensi mbili tatu, wahifadhi watakuelekeza majalada. Siku ya kwenda utaacha begi kwenye kabati, utaingia na penseli, maana kalamu ya wino hairuhusiwi, na utaletewa sanduku moja baada ya jingine. Majalada yafungue kwa mpangilio uleule uliyoyakuta. Picha unaweza kupiga bila mwanga wa kamera, baada ya kuomba.

Anza na mafaili ya ofisi ya rais, yenye sehemu iliyopangwa kwa majina ya nchi, kisha mafaili ya usalama wa taifa. Tafuta Tanganyika, Kenya, Congo, Zanzibar. Mwalimu Nyerere alifika Ikulu ya Marekani Julai 1963, na maandalizi ya ziara kama ile huacha karatasi nyingi: muhtasari wa mgeni ni nani, anataka nini, ajibiwe vipi. Soma muhtasari hizo kwa makini kuliko hotuba. Kwenye hotuba kiongozi anamwambia mgeni wake, kwenye muhtasari wasaidizi wanamwambia kiongozi, na hapo ndipo utaona kama sisi tulikuwa watu au uwanja.

Utakutana pia na karatasi zinazosema kwamba waraka fulani umeondolewa kwenye jalada: tarehe ya waraka, aina yake, na sababu ya kuzuiwa. Wanafunzi huzipita. Usizipite. Nakili taarifa zake zote, kwa sababu unaweza kuomba rasmi waraka huo uangaliwe upya ufunguliwe. Jibu huweza kuchukua miaka, lakini nyaraka nyingi zilizo wazi leo zilifunguliwa kwa sababu mtu fulani aliomba.

Usiyeweza kufika Boston, sehemu kubwa ya mafaili ya ofisi ya rais imewekwa kwenye tovuti ya maktaba, ukurasa kwa ukurasa. Mwanafunzi wa Kigoma mwenye simu na bando anaweza kuzisoma. Kinachokosekana kwa wengi ni kuambiwa tu kwamba zipo.

Nilisema nitakurudisha Abilene. Lumumba aliuawa jimboni Katanga, Kongo, tarehe 17 Januari 1961, siku tatu kabla Kennedy hajaapishwa. Kennedy alipewa habari kwa simu tarehe 13 Februari, na mpiga picha Jacques Lowe alikuwapo: rais ameushika uso wake, macho yamefumba. Picha hiyo imewafanya Waafrika wengi wampende. Lakini maswali ya nani alipanga nini ni ya serikali iliyomtangulia. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ilimhoji Robert Johnson, aliyekuwa mwandishi wa kumbukumbu katika kikao cha Baraza la Usalama la Taifa cha tarehe 18 Agosti 1960. Akasema alimsikia Eisenhower akitamka maneno aliyoyaelewa kuwa ni agizo la kumuua Lumumba. Kumbukumbu rasmi za kikao hazina agizo hilo, na wengine waliokuwapo walikanusha. Kamati hiyohiyo ilieleza jinsi sumu ilivyopelekwa Kongo Septemba mwaka ule. Hapa hata sanduku lenyewe halitoshi. Aliyeandika karatasi alisema baadaye kwamba huenda hakuandika yote aliyoyasikia. Ndiyo maana nasisitiza kusoma zaidi ya maktaba moja, na kuwasikiliza watu pamoja na karatasi.

Baada ya ziara usijilazimishe kutoa alama kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Mimi huchukua jambo moja alilofanya nikalifuata hadi mwisho wake. Mfano ni Angola. Machi 1961 Marekani ya Kennedy ilipiga kura Umoja wa Mataifa dhidi ya Ureno, mshirika wake katika muungano wa kijeshi wa NATO, na Waafrika wakafurahi. Lakini Ureno ilikuwa na kambi za visiwa vya Azores ambazo jeshi la Marekani lilizihitaji, na muda si mrefu msimamo ukalegea. Angola ilisubiri hadi 1975. Ukilifuata jambo moja namna hiyo, utajua zaidi kuhusu mtu yule kuliko ungekumbuka misemo yake yote.

Kisha fanya vivyo hivyo nyumbani. Nenda Butiama na swali lako. Pale Mwitongo ndipo alipozaliwa na alipozikwa Mwalimu, na jumba lake la makumbusho liko hapohapo kijijini. Nalisema hili nikiwa nampenda Mwalimu kwa moyo wote: apimwe yeye naye, kwa shule za msingi zilizofunguliwa na kwa vijiji vilivyohamishwa kwa nguvu, na wazee waliohamishwa waulizwe wangali hai.

Na lolote utakalolipata, liandike kwa namna ambayo mwenzako anaweza kulifuata: jina la maktaba, jina la mkusanyiko, namba ya sanduku, jina la jalada, tarehe ya waraka. Usitume picha tupu kwenye kundi la WhatsApp, wala kiungo peke yake, maana viungo hukatika. Ukiwa na mistari hiyo mitano, hata mjukuu wako ataweza kuomba sanduku lilelile.